Wimbo wa Mvuke Niliouchukua Bila Kuuliza

Leo nimefedheheka mbele ya wazazi wa darasa zima. Na spika niliziazima mwenyewe!

Mnajua nafundisha sayansi hapa Malindi, na mnazijua zile video zangu fupi za mtandaoni. Leo ilikuwa siku ya kuwaomba wazazi wa Gredi ya Sita wawaachie watoto simu kidogo kila jioni, wazitazame. Wakikataa, video zimekufa. (Watazamaji wengine ni mimi na mama yangu.)

Nikachagua video ya mzunguko wa maji. Jua linapasha bahari moto, mvuke unapanda, unakuwa wingu, mvua inashuka. Nyuma ya sauti yangu nilitia wimbo wa harusi niliouokota mtandaoni. Mtamu! Na maneno yake nikadhani yametungiwa somo langu:

Wazunguka, wazunguka,
kwangu wanichungulia;
chungu nikikifunika,
mvuke waunusia.

Kuna kuzunguka, kuna mvuke. Mtu wa Vitengeni kama mimi, wa huko ndani kusikoimbwa nyimbo hizi, angetaka nini zaidi? Chini nikaandika: "Kwa matumizi ya elimu tu." (Nilidhani maneno hayo ni hirizi.)

Basi nikawasha. Ubeti wa kwanza, kina mama wakatazamana. Wa pili, leso zikapanda midomoni. Nikafurahi. Sayansi imewagusa! Nikaongeza sauti. (Ndiyo. Niliongeza.)

Akasimama mama mmoja wa safu ya mbele, Bi Hawa.

"Mwalimu, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama."

"Basi mbona wanisuta mbele za watu?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kumbe wimbo ule si wa mvua wala wingu! Ni kijembe, na alipigwa nacho yeye Bi Hawa, kwa tabia yake ya kuchungulia vyungu vya majirani. Mtaa mzima wajua. Asiyejua ni mimi tu, mgeni wa juzi.

Kabla sijameza mate, sauti ikatoka nyuma. Bi Rukia, bibi wa mwanafunzi wangu mmoja, muimbaji wa maharusi.

"Na anayeimba hapo ni mimi. Nani alokupa wimbo wangu?"

"Niliukuta mtandaoni, mama. Uko wazi kwa kila mtu."

"Nazi ikianguka njiani, mnazi hauna mwenyewe?"

"Ni kwa masomo tu, mama. Sipati chochote."

"Sikukuuliza wapata nini. Nimekuuliza nani alokupa."

Mimi, ambaye nikiulizwa swali huchora hadi mchoro, safari hii nikatafuta kitufe cha kuzimia! Nikazima.

"Wazazi," nikasema, "Bi Rukia ana haki. Lau ningekuwa nafundisha wimbo wenyewe, nauchambua ubeti kwa ubeti, pengine ningekuwa na cha kujitetea. Lakini mimi nafundisha mvua. Wimbo niliutia kama kiungo, somo linukie. Huko ni kujipakulia chakula cha mtu. Video naiondoa leo hii. Nisameheni."

Nikaanza kukunja nyaya. Habari ya simu, nikajua, ndiyo basi tena.

"Wakunja nini?" akauliza Bi Rukia. "Jana mjukuu wangu kanieleza wingu latoka wapi. Mimi umri wote huu naanika nguo, sikujua maji yake yaenda wapi! Somo liache, wimbo utoe. Nitakutungia wa mvua, mvua ya kweli, na jina langu uliandike."

"Na mimi nitaitikia," akadakia Bi Hawa.

"Wewe? Tangu lini waimba nami?"

"Tangu leo. Nataka niwepo ukitungwa. Nisije nikajisikia ndani ya wingu."

Hata Bi Rukia akacheka. Mwalimu mkuu akaona hapohapo ndipo pa kuuliza nani anakubali watoto wapewe simu. Mikono ikapanda, wa Bi Hawa ukiwa wa kwanza. Tunarekodi Jumamosi nyumbani kwa Bi Rukia. (Bi Hawa ameshauliza kutapikwa nini.)

Basi mjue, walimu wenzangu: wimbo wa huku una wenyewe wawili, aliyeutunga na aliyetungiwa. Ombeni ruhusa kwa wote.