Habari ya Gharibu Aliyemkanyaga Gayogayo

Tegeni masikio, enyi watu wa visiwa vya delta, nanyi wa mashamba ya Mtawanya. Wekeni chini michi, zimeni redio, na mwenye kikohozi akakohoe nje, maana hapa inasomwa habari ya Gharibu bin Abdulkarimu, simba wa mkekani, jemadari wa usingizi wa adhuhuri, na jinsi alivyosimama imara juu ya adui yake.

Ilikuwa asubuhi ambayo mkwewe, Mzee Mwinyimvua, mkulima wa Mtawanya, alikuwa akimaliza ziara yake kisiwani. Katika kumkirimu mgeni kwa maongezi ya chai, Gharibu akamsimulia habari za gayogayo: kwamba samaki huyo huzaliwa ana jicho huku na jicho huku kama samaki wote, kisha akikua jicho moja huhama, likavuka kichwa na kwenda kukaa na mwenzake, naye tangu hapo hulala ubavu chini ya bahari, akajifunika mchanga, akajigeuza rangi ya mchanga, akangoja kamba wadogo wapite mbele ya mdomo wake.

Mzee akaweka kikombe chini. "Jicho lihame! Na kiumbe ale amelala! Bwana Gharibu, hizo si habari za samaki, ni habari zako wewe. Kwamba binti yangu kaolewa na mvivu, nilikuwa nalijua, nikamsitiri. Kwamba kaolewa na mwongo, hilo nitalifikisha Mtawanya leo hii."

Sikujua, mke wa Gharibu, mja mzito wa kukaribia kujifungua, akajifuta macho kwa pindo la kanga. Gharibu akamwona. Ndipo likatokea jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulishuhudia: Gharibu akainuka bila kuitwa.

Akashuka pwani, maji yamekupwa, akaingia mkondoni kando ya mikoko, bila wavu, bila mshipi, akipapasa tope kwa nyayo kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Akapapasa hata maji yakaanza kurudi. Mara, chini ya mguu wake wa kulia, mchanga ukapumua.

Damu ikamganda. Kwani samaki taa naye hulala vivyo hivyo, na mwiba wa taa umewaliza wanaume wenye ndevu. Akangoja kuchomwa. Hakuchomwa. Kitu kile, cha baridi na chenye utelezi, kikapapatika, kisha kikatulia; na Gharibu naye akatulia. Hapo wakawa wamekutana mabingwa wawili wa kutofanya kitu, na hapakuwa na mtu katika delta nzima wa kuwashinda kwa fani hiyo.

Maji yakapanda magotini, yakapanda kiunoni. Alipojaribu kuinama, adui akajichomoa nusu nzima chini ya unyayo. Gharibu akarudi wima kama nguzo ya msikiti.

Ndipo Mzee Mwinyimvua akatokea ufukoni na mkoba wake, Sikujua nyuma yake, na boti ya kumvusha hadi Nyamisati, njia ya kwao Mtawanya, ikinguruma pembeni.

"Baba!" akaita Gharibu. "Niwie radhi. Ule uongo wangu nimeukanyaga hapa. Siwezi kuinama, siwezi kuinua mguu. Nahitaji mikono miwili."

"Nakuja mimi," akasema Sikujua.

"Na tumbo hilo? Kaa!" Mzee akayatazama maji, akaitazama boti.

"Mzee, unapanda au unabaki?" akapiga kelele Twalibu, nahodha.

"Ningoje, wewe!" Kisha akaihutubia bahari: "Mimi, Mwinyimvua bin Sadallah, niliyekesha dunguni shambani nikifukuza nguruwe kwa debe, nisiyewahi kuingia maji ya kupita kifundo, leo niende nikaushike mguu wa mkwe wangu! Gharibu, asipokuwepo huyo samaki, wallahi nakuzamisha hapo hapo!"

Akamkabidhi binti yake kofia na simu, akakunja kanzu, akatia bismillahi, akaingia.

"Mguu upi?"

"Wa kulia, baba. Samahani, baba."

Haya ikawashika wote wawili, kila mmoja akatazama kwake. Kisha Mzee akaziba pua, akazama. Na hapo, enyi wasikilizaji, ndipo palipokuwa na hatari kuu kuliko mwiba wa taa: vidole vya mkwe vikaanza kutafuta chini ya unyayo, na Gharibu ni mtu wa kutekenyeka. Akauma mdomo. Akatoa shahada. Machozi yakamtoka, wala kicheko hakikumtoka.

Povu likapanda, kichwa kikaibuka, kinatema maji, na mikononi mwake gayogayo mpana kama sahani ya pilau.

Mzee akamtazama upande mmoja: weupe mtupu. Akamgeuza: macho mawili, yamekaa jirani, yanamkodolea yeye.

"Subhanallah," akanong'ona. "Limehama kweli." Akainua uso, maji yanamchuruzika ndevuni. "Umesimama hapa tangu lini?"

"Tangu maji hayajafika goti, baba."

"Bila kutikisika?"

"Bila kutikisika."

"Basi mwanangu, uvivu wako si maradhi. Ni kipaji. Nisamehe kwa lile la uongo."

Akapanda boti ya nahodha Twalibu akiwa ameloa chapachapa, samaki kampakata kama mjukuu, na kabla boti haijakata kona alisikika akipiga kelele kwenye simu: "Mwambieni kila mtu! Nimemkamata mwenyewe! Kwa mikono!"

Gharibu akasikia, asibishe. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi Sikujua amshike mkono kumtoa majini. Na alipomfikisha pakavu, akapiga kigelegele kirefu cha kutosha kulaki jeshi zima. Basi na iandikwe katika tarehe ya delta, wasimulie watakavyo huko Mtawanya: aliyekamata ni Mwinyimvua, lakini aliyekanyaga ni Gharibu.