Swichi Zisizo na Jina

Jumatatu, 4 Machi
Mdogo wangu kaleta kompyuta ya marehemu mama. Ndani yake mna sauti ya mama akizungumza na mjukuu ambaye hakujaliwa kumwona. Mdogo wangu anajifungua wiki ijayo. Ombi lake moja tu: nimnakilie sauti hizo. Lakini kompyuta inajikongoja! Kwanza niiongezee kasi, kisha nitanakili kufumba na kufumbua. Akili hiyo!

Jumanne, 5 Machi
Mbinu nimeipata. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ina rejista, yaani safu za swichi ndogo zinazoiongoza. Baadhi ya swichi mtengenezaji hakuzieleza popote. Kazini, mifumo endeshi tunayoiandika huziacha kama ilivyozikuta. Uoga mtupu! Mimi nitaandika mfumo wa kuzizima zote.
Miwani, ninayekaa naye meza moja, kachungulia. Kasema swichi usiyoijua unaisoma, unairudisha vilevile. Aliyeiweka ana sababu zake. Nimemwambia ana wivu.

Jumatano, 6 Machi
Inapaa! Nimeishindanisha na kompyuta ya Miwani, nikamwacha mbali. Yeye kagusa chini ya yangu, kaondoa mkono haraka. Kauliza kama nimeshanakili. Kesho, nikamwambia. Leo acha nifaidi ushindi.

Alhamisi, 7 Machi
Swichi mojawapo ndiyo iliyokuwa ikiizuia prosesa isipate moto kupita kiasi. Nimejua baada ya kusikia harufu. Ubao mzima umeungua, na hifadhi yenye sauti za mama ilichomelewa humohumo. Miwani kahangaika nayo mpaka jioni, bila mafanikio. Hakunicheka. Bora angenicheka. Nimelia chooni, bomba wazi, wasinisikie.

Ijumaa, 8 Machi
Nilipanga kusingizia umeme. Mdogo wangu alipoingia, ulimi ukanigomea, nikasema kweli. Akaweka mkono tumboni.
"Kaka, nilikuomba unakili tu."
Mama amekufa tena, na safari hii ni mkono wangu.

Jumapili, 10 Machi
Mungu mkubwa! Mdogo wangu kapata sauti moja ya mama kwenye simu yake kuukuu. Fupi. Mama anamwita mtoto mchumba wake, anamwambia asichelewe. Tumesikiliza pamoja, tumelia mpaka kwikwi. Kisha kajinyoosha kwenye kochi langu, kaniachia simu nimshikie. Kasema nisiguse kitu. Nimeapa.
Ila simu yenyewe inajikongoja mno! Nimechungulia kidogo tu. Prosesa yake nayo ina swichi ambazo hazijaelezwa popote.
Safari hii nitazima moja moja.