Sabuni Lazima Afe Sura ya Tatu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Gemu imekamilika nusu. Nusu yangu. Mimi, Selestine Lyamba, mwalimu wa tuisheni ya Kiswahili hapa Majengo, nimemaliza hadithi yote: sura saba, kurasa mia moja na nne. Mwenzangu Gratien, fundi simu wa Kashaulili, ambaye kazi yake ni kuifanya hadithi itembee kwenye skrini, yuko sura ya pili. Nilimwambia anachelewa. Akasema kuandika "ng'ombe mia tatu wakavuka mto" ni sekunde tano, kuwavusha ni wiki mbili. Visingizio!

Hadithi ni ya binti anaitwa Kalunde, anayeswaga ng'ombe wa baba yake kutoka Shinyanga mpaka Katavi. Mchezaji ndiye Kalunde. Anatafuta maji, anachagua njia, anaongea na watu, anafukuza fisi. Ng'ombe anayempenda kuliko wote ni Sabuni, jike jeupe. Sura ya tatu Sabuni anakufa kwa kiu. Kifo peke yake kina kurasa kumi na moja. Nilipomsomea dada Pudensiana aliinamisha kichwa. Nilidhani analia. Alikuwa amelala.

Jumamosi ya tarehe 14 kuna maonyesho ya wabunifu ukumbini. Anakuja mgeni kutoka Dodoma, Bi Suzana. Atachagua gemu moja, na mmoja wa walioitengeneza ataenda kusomea kazi hii miezi sita. Nimeshaanza kuchagua mashati.

Jumatano, 4 Septemba

Majaribio ya kwanza. Wateja wa Gratien wanaosubiri simu zao zitengenezwe tuliwapa gemu wacheze. Wa kwanza alibonyeza kitufe cha "Ruka" mara ishirini na mbili, akamfikia fisi, akampiga, akauliza kama mbele kuna simba. Wa pili hivyohivyo. Nilimuuliza wa tatu jina la mhusika mkuu. Akafikiri sana. Akasema, yule mwenye fimbo.

Nilimtaka Gratien aondoe kitufe cha Ruka. Akakataa. Akasema watu hawataruka tena, watafunga gemu kabisa. Yeye anataka maneno yapungue na mambo yaingizwe humohumo kwenye safari. Eti mzee aongee wakati mchezaji anateka maji. Eti tujue baba anaumwa kwa sababu jioni ng'ombe wanahesabiwa na yeye hajatoka nje. Nilimwambia huko ni kuficha fasihi chini ya kwato. Akaendelea kuchomelea waya.

Deo, mshindani wetu wa tarehe 14, naye alipita. Deo ana gemu ya bodaboda. Neno pekee lililomo ndani yake ni ANZA. Watu wanaipenda. Sijui tunaelekea wapi kama mkoa.

Jumamosi, 7 Septemba

Gratien kaenda kwao Katumba kwenye kipaimara cha mdogo wake, kaniachia laptop. Programu siijui, lakini alishanionyesha faili la maneno. Ukiandika humo, inatokea kwenye gemu. Inatosha!

Wazo langu: kila baada ya ukurasa mmoja, swali. "Kalunde alijisikiaje? Taja sababu mbili." Chini nimeandika, kwa herufi kubwa, kwamba asiyejua majibu arudi mwanzo mwenyewe kwa hiari yake. Naamini watu wana heshima.

Hakuna aliyerudi. Deo alisoma swali la kwanza kwa sauti, akamwita jirani aje alione, wakacheka wote. Nilicheza mwenyewe ili kuonyesha mfano. Swali la tatu nilikosa.

Jumatatu, 9 Septemba

Gratien karudi. Hakugomba. Alifuta maswali yote, moja moja, huku akipiga mluzi. Afadhali angegomba.

Lakini leo amekuja mama Ng'washi! Anauza maziwa mgando karibu na soko. Simu yake haikuwa inachaji, akakaa kusubiri, tukampa gemu. Nilitegemea Ruka. Hakuruka. Anasoma kila neno kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Msomaji wangu wa kwanza duniani! Nilisogeza kiti changu.

Yeye mwenyewe alitoka Meatu na ng'ombe wa baba yake akiwa binti mdogo, kwa miguu, mpaka huku. Kwa hiyo anatusahihisha. Kasema mchana wa jua kali ng'ombe hawakimbizwi hivyo. Kasema fisi hapigwi, boma linahamishwa. Akahamisha boma. Gratien alifurahi mno. Alisema ni wiki nzima ameandaa nafasi ya kuhamisha boma na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuiona.

Simu yake ilipona saa tano. Aliondoka saa nane.

Jumatano, 11 Septemba

Mama Ng'washi amekuja siku tatu mfululizo, akishamaliza kuuza. Kila kisima anampeleka Sabuni kwanza. Aliacha njia fupi, akazunguka kupitia bondeni kwa sababu kule kuna majani mabichi. Anaongea na Sabuni kwa Kisukuma. Sabuni ni vidoti vyeupe kama mia mbili.

Leo akafika sura ya tatu. Nilikuwa tayari na leso. Sabuni akalala chini. Kurasa kumi na moja zikaanza. Mama akasoma mbili, akaweka simu mezani.

"Amekufa na nini?"

"Kiu, mama."

"Jana si nimemnywesha? Na juzi nimemnywesha. Nyie wote mmeniona."

"Tumekuona, mama. Lakini hadithi ndivyo ilivyo. Lazima afe."

"Sasa kama ni lazima afe, ulikuwa unanihangaisha na maji ya nini, ng'wanawane, mwanangu?"

Nilianza kumweleza kuhusu tanzia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema kwao njiani walikufa ng'ombe kumi na tisa. Kila aliyekufa, baba yake aliwakalisha chini wakajua walikosea wapi: huyu tulimchelewesha, yule tulimpitisha kwenye mbung'o. Ilikuwa inauma, lakini kesho yake walitembea vizuri zaidi. Akachukua ndoo yake ya maziwa. Hakuaga.

Gratien akasema mama ana haki. Akataka tubadilishe: Sabuni afe kwa mchezaji aliyemsahau tu. Nikasema basi tanzia imekwisha. Akasema hapana, yule atakayempoteza atakuwa amempoteza mwenyewe, na huyo ndiye atakayelia. Nikapandisha sauti. Nikamwambia kifo ni cha kwangu, na yeye ni fundi wa kuchomelea waya tu.

Watu wawili waliokuwa wanasubiri simu waliangalia chini. Gratien akazima pasi yake ya kuchomelea. Akasema, "Sawa, mwalimu."

Nimeshinda.

Alhamisi, 12 Septemba

Ule utulivu wa Gratien siupendi. Anafanya kazi kimya, laptop kaigeuzia upande wa ukuta. Anavyoniamkia ni kama anaamkia ofisi.

Nimechukua tahadhari. Alipoenda kunywa chai nilifungua faili la maneno, nikaimarisha sura ya nne. Inaanza na mazishi ya Sabuni. Zamani alikuwepo mzee mmoja wa kutoa hotuba. Sasa wapo wanne. Hata kama Gratien atapunguza kifo, msiba hataweza kuupunguza!

Nilimsomea dada Pudensiana. Safari hii hakulala. Aliuliza ni nani duniani anayezika ng'ombe. Kasema ng'ombe akifa njiani watu wanamla, na kama amekufa kwa ugonjwa wanagombana kwanza halafu wanamla. Nikamwambia hajui fasihi. Akasema anajua njaa.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika kwa utaratibu ili nisisahau jambo.

Ukumbi ulijaa. Deo alitangulia. Bodaboda zikaruka, zikapinda, watu wakapiga kelele. Bi Suzana akauliza baada ya hapo kinafuata nini. Deo akasema unaendelea kuendesha. Akauliza, na baada ya hapo? Deo akafikiri, akasema mafuta yanaisha.

Zamu yetu. Nilikuwa na utangulizi wa dakika kumi na mbili. Mshereheshaji alinipa moja, nikaitumia kulalamika kuhusu zile kumi na moja. Kisha Gratien akamwita mchezaji wetu. Mama Ng'washi akainuka kutoka safu ya nyuma, amevaa kitenge kipya. Sikujua kama amealikwa.

Skrini ilikuwa ukuta mzima. Alicheza kama anavyocheza siku zote, hana haraka. Mwanzoni watu walipiga soga. Kisha soga zikapungua. Kufika sura ya pili walikuwa wanamwelekeza: mama, kulia! Mama, usiwaache wale wa nyuma! Mzee mmoja akafoka kwamba mweupe yule anachechemea, mnamwangalia tu? Mama akasimamisha kundi zima. Ukumbi ukamngojea Sabuni.

Sura ya tatu. Mto umekauka. Sabuni akalala chini. Nikatoa leso. Mama akaanza kuchimba mchangani kwa fimbo ya Kalunde, kitu ambacho hakikuwemo kwenye hadithi yangu. Akachimba. Nasikia hata feni. Maji yakatoka kidogo, ya tope. Sabuni akainua kichwa, akanywa, akasimama.

Watu walishangilia kama timu imefunga goli. Mama Ng'washi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilimtazama Gratien. Hakunitazama mimi, alikuwa anamtazama mama. Hapo kifuani nilisikia kitu. Nadhani ni kwa kuwa sikunywa chai asubuhi.

Kisha ikafunguka sura ya nne.

"Siku ya mazishi ya Sabuni ilipambazuka kwa simanzi kuu." Maneno yangu, ukuta mzima. Na chini ya maneno, kando ya kaburi, kwa kuwa sasa yu hai na anamfuata Kalunde kila aendako, amesimama Sabuni. Anatafuna.

Mzee wa kwanza akasema hatutamwona tena. Sabuni akapunga mkia. Mzee wa pili akasema ametutoka bila kuaga. Mama Ng'washi, sijui kwa makusudi au kwa bahati mbaya, akabonyeza kitufe cha kumwita ng'ombe. Sabuni akalia, "Mooo!" Mtu wa safu ya pili alianguka na kiti. Mshereheshaji alikaa chini kabisa sakafuni. Gratien akakimbia akabonyeze Ruka. Mama akamzuia mkono. Akasema, "Waache wazee wamalize, wametoka mbali."

Wakamaliza. Wote wanne.

Nilikaa nje mpaka maonyesho yakaisha.

Jumapili, 15 Septemba

Bi Suzana alikuja leo mchana kwenye meza ya Gratien. Aliuliza aliyetengeneza mto ni nani. Gratien akasema ni yeye, lakini kuchimba kisima cha mchangani alifundishwa na mama Ng'washi. Akauliza aliyetengeneza mazishi ni nani. Nikasema ni mimi. Akasema hajacheka namna ile tangu ahamie Dodoma.

Amechagua gemu yetu. Lakini Gratien ndiye atakayeenda kusoma. Mimi alinishauri kwamba, nikiandika tena, nikae na mtu anayecheza na nimtazame usoni badala ya kutazama maneno yangu. Nimeliandika hapa shauri lake ili lisipotee.

Gratien alimwomba tuende wote wawili. Haya aliniambia dada Pudensiana, aliyekuwepo kuchukua simu yake baada ya mimi kuondoka. Eti alisema bila mwalimu kusingekuwa na Kalunde wala Sabuni. Nafasi ilikuwa moja. Baadaye nikaona kwenye skrini ya mwanzo ameweka majina yetu, na langu limetangulia. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno la waya. Nikamwambia herufi za jina langu ziongezwe ukubwa. Akaongeza.

Ana ombi moja: sura ya nne iwe na mianzo miwili, Sabuni akiwa hai na Sabuni akiwa amekufa. Mistari mitano kila mmoja. Anaondoka Jumamosi. Nimekubali.

Jumamosi, 21 Septemba

Gratien kaondoka na basi la asubuhi. Mama Ng'washi alimletea maziwa kwenye chupa kubwa, akambariki kwa Kisukuma. Deo naye alikuja. Mimi nilimkabidhi bahasha ya sura ya nne. Aliipima mkononi. Mwanzo wa Sabuni aliye hai umefikia kurasa thelathini na nane, na ule mwingine sikuweza kuubana. Alicheka mpaka kondakta akamwita. Akapanda, kisha akashuka tena, akanikumbatia, akapanda. Vumbi. Nilirudi kwa miguu.

Nimelitafakari jambo la ukumbini kwa wiki nzima, bila jazba. Kosa nimeliona. Wazee wanne walikuwa wachache. Wangekuwa tisa, kicheko kingechoka na watu wangelia.

Kwa hiyo leo mchana nimemwendea Yotham, anayetengeneza kompyuta upande wa pili wa soko. Kijana msikivu. Nimempa wazo la gemu mpya kabisa: mrina asali anaingia msituni kutafuta mzinga wa marehemu babu yake. Ukitumia moshi mwingi nyuki wanahama, ukitumia mdogo wanakuuma. Yotham alichangamka sana. Akavuta kiti, akauliza mchezaji anaufikia mzinga baada ya muda gani.

Nilimwambia asiwe na haraka. Mzinga unatajwa kwa mara ya kwanza ukurasa wa sitini na mbili.