Namba Moja ya Mwenyekiti

Jumatatu, 14 Julai 2025
Koleta, fundi wetu wa mtandao, anahamia tawi la Bombo Ijumaa. Anatafuta mtu wa kumwachia daftari la anwani. Lazima niwe mimi! Daftari la ajabu: kila kompyuta ya ushirika na namba yake, mistari ya rula, nafasi za akiba kwa mashine zijazo. Anazijua zote kwa kichwa. Mpinzani wangu ni Iddi wa stoo. Amesema mimi nafaa kuchonga penseli tu. Tutaona.

Jumanne, 15 Julai
Nimegundua kasoro! Mwenyekiti wetu, Mzee Elirehema, ana anwani inayoishia 57. Irine wa mapokezi, aliyeajiriwa juzi, ana 12. Adabu gani hii? Kesho Koleta yuko Bombo kutandaza nyaya. Nitarekebisha. Atafurahi mwenyewe.

Jumatano, 16 Julai
Asubuhi nimeingia kwenye kompyuta ya Mzee, nikamwekea 1. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaitikia marahaba, akasema hatimaye ofisi ina mtu mwenye malezi. Saa nne mtandao wote ukafa. Lori la tangawizi limesimama, stakabadhi hazichapiki. Iddi amepita mara tatu akiuliza namba moja anaapishwa lini. Nimempigia Koleta.

Alhamisi, 17 Julai
Koleta ameshuka na gari la alfajiri. Dakika sita tu, mtandao ukarudi! Akaeleza kwa upole: 1 ni ya ruta, kisanduku cha ukutani kinachopitisha mawasiliano yote. Vifaa viwili vikiwa na anwani moja, vinagombana, kazi inalala. Mzee akanuna kwamba amepokonywa cheo na kisanduku. Koleta akampa shikamoo, akasema mlangoni hukaa mlinzi. Mgeni rasmi hukaa ndani. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mwanamke yule!

Ijumaa, 18 Julai
Daftari kapewa Iddi. Mimi nimepewa kuzigawa upya namba kwenye mashine za ofisini na kuandika vibandiko, Iddi atanakili baadaye. Koleta amesema mwandiko wangu ni safi. Amesema hivyo mbele ya Iddi!
Somo limeniingia. Kosa lilikuwa kufuata cheo. Umri haubishaniwi. Mzee ana miaka 71: apewe 71. Irine, 23. Iddi na Tausi wa uhasibu wote wana 44. Nitawapa 44 wote wawili, asinune mtu.