Yah: Kuta Zilizokosekana Kwenye Nyumba Yetu ya Ziwani

Rungwe Mpya,
Kasulu.

Ndugu Msanifu Gharibu,

Shikamoo. Kabla sijajitambulisha, naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: wageni wakija nyumbani, mimi hujifungia stoo nikakaa juu ya magunia ya maharage hadi waondoke. Mama hudhani napenda kuchambua maharage. Nakueleza wewe kwa sababu hatujuani, na kwa sababu nyumba uliyotuchorea haina stoo.

Naitwa Elieth, niko kidato cha tatu. Mjomba wangu Reverien, anayeishi huko huko Dar, ndiye aliyekuagiza umchoree nyumba ya mapumziko ya familia, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Michoro imeingia kwenye simu ya mama, na kwa kuwa maelezo yote ni ya Kiingereza, nami nilisomeshwa shule ya Kiingereza, nimepewa kazi ya kuisoma. Nimeisoma. Kwa heshima zote nina malalamiko.

1. Umeandika kwamba nyumba "itaunganisha familia na mazingira asilia". Asante sana, ila tumeshaunganishwa. Nyoka huingia jikoni bila hodi. Mbuzi wa jirani anajua ratiba yetu ya chakula kuliko sisi. Familia hii imehangaika miaka mingi kujitenga na asili, kwa tofali za kuchoma na bati, na kiukweli tulikuwa tunakaribia kufanikiwa.

2. Paa la nyasi. Bibi yangu Generosa, mzaa mama, alikulia chini ya nyasi na akaapa hatarudi. Siku alipoezekewa bati alipika, akaalika watu. Mvua ikashuka, hakuna aliyemsikia mwenzake, na wote wakafurahi.

3. Mti katikati ya sebule. Ni mzuri, sikatai. Lakini mti una ndugu zake: siafu, popo, na kule ziwani nyani. Hao hawaji likizo. Wanahamia.

4. Bafu la nje lisilo na paa tunalo. La kwetu limezungushiwa matete. La kwako limezungushiwa mandhari.

5. Kuta za kioo. Mlango wa kujifungia nimeuona mmoja tu, wa choo. Siwezi kukaa chooni likizo nzima, watu watauliza.

6. Sasa hili ndilo hasa. Hayo mengine nilikuwa najipa moyo.

Kwetu Waha, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawali mbele ya macho ya mwenzake, wala hawatazamani. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Bibi, tangu babu afariki, anaishi kwenye nyumba ndogo iliyopakana na jiko letu. Baba yangu, Mwalimu Philemon, hukohoa kabla ya kupinda kona ya jiko ili Bibi apate nafasi ya kuingia ndani. Amekohoa hivyo hadi daktari mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Tanga akamwandikia dawa ya kifua. Asubuhi baba huusalimia ukuta, "Mwakeye!", nao ukuta humjibu na kumuuliza wanafunzi wameamkaje. Yaani huo ukuta ndio unaowakutanisha.

Wewe umefanya jiko, sebule na mahali pa kulia kuwa kitu kimoja. Mama alimpigia mjomba: "Kaka, mama atakaa wapi?" Mjomba akacheka: "Si sebuleni, kama watu wote! Dada, hii ni nyumba ya kisasa bwana." Mama akakata simu, akaanza kuchagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Bibi hajawahi kuliona ziwa. Analijua kwa dagaa tu. Nyumba inajengwa kwa ajili yake, na akikosa pa kukaa atasema mguu unauma, abaki kulinda kuku, na hakuna atakayethubutu kumlazimisha. Mjomba anapitisha michoro Jumamosi.

7. Kwa hiyo naomba ukuta, kati ya jiko na sebule. Lakini ukuta wenye mlango mmoja utawakutanisha mlangoni, hivyo milango iwe miwili. Milango miwili italeta njia mbili, nazo zitakutana ufukweni, hivyo ufukwe ugawanywe kwa uzio. Uzio uingie majini hadi usawa wa magoti, inatosha, maana hakuna kati yao anayejua kuogelea. Madirisha yawe madogo. Bati. Mti utoke. Stoo iwepo. Nimekuchorea mfano nyuma ya karatasi hii, na nilipomaliza nikagundua nimechora nyumba yetu ya hapa Rungwe Mpya. Basi jenga hiyo hiyo, ila isogeze ziwani.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, vijana wa ofisini, na yeyote anayekusaidia kuchora ile mistari myembamba. Wote hapa wazima, na kuku pia.

Wako katika kuta,
Elieth Philemon

Baada ya sahihi: Nilikuwa nakunja karatasi hii nikasikia nyayo zinakuja mlangoni. Huwa naficha kila ninachoandika chini ya godoro. Leo mkono ulikataa, nikaiacha palepale mezani. Alikuwa Bibi. "Haya, unamwandikia mchumba gani huyo?" Nikamwonyesha michoro, nikamsomea barua yote. Alicheka kwenye nyani. Nilipomaliza alinirudisha kwenye namba sita, akasema:

"Elieth, mimi mkwe wangu namjua kwa kikohozi. Namsikia huko ndani anavyocheka, meno yake sijawahi kuyaona. Nimezeeka, ukuta wa nini tena? Mwambie fundi wako aache wazi. Ila viti vyote avielekeze ziwani. Tukitazama maji sote, nani kamtazama mwenzake?"

Kwa hiyo, Ndugu Msanifu, futa namba moja hadi saba. Habari ya nyasi amesema atamalizana na mwanawe mwenyewe. Ameomba kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: kiti chake kirudi nyuma kidogo, ubavuni mwa cha baba, ili siku baba akicheka ayaone yale meno. Hilo usiliandike kwenye mchoro. Kisogeze tu.