Bilauri Hamsini na Sita za Jumapili

Kikwe,
16 Februari 1948

Kwa Bwana Afya, Arusha

Bwana mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu mwenye figo safi kabisa. Mimi ni Aminieli, mkulima wa kahawa, yule uliyemshika bega sokoni Kikatiti ukatangaza kwamba kila apendaye uhai anywe bilauri nane za maji kila siku. Tulikupigia makofi. Sasa naandika kulalamika, kwa adabu.

1. Maji ya mfereji wetu hupita kwanza kwa Mzungu wa shamba la juu. Yeye hufunga lango siku sita. Sisi hupata Jumapili, akiwa mapumzikoni. Nane mara saba ni hamsini na sita. Kwa kuwa sipendi kuvunja amri ya Serikali, huzinywa zote Jumapili, kabla ya ibada.

2. Jana nilitoka kanisani mara kumi na moja. Mchungaji alikuwa akihubiri habari za gharika. Mara ya saba alinyamaza kunisubiri. Mke wangu Eunike amehamia benchi la wajane.

3. Miche yangu mia mbili ya kahawa haina tumbo la kuweka akiba. Inakauka nikiitazama, na hilo linaniuma kuliko aibu ya kanisani. Ikifa, sina kingine cha kuwaachia wanangu.

4. Farasi wanne wa Mzungu huyo hunywa kila siku, kisha huogeshwa. Sijasikia ukiwahutubia. Bila shaka somo lako walishalijua.

Kwa hiyo naomba niandikishwe miongoni mwa farasi hao. Kwato sina, lakini mizigo nimebeba tangu utoto, na kodi ya kichwa nitaendelea kulipa, jambo ambalo farasi hawajalizoea.

Nisalimie mama watoto na makarani wote, na farasi ukiwaona uwaombe wasogee kidogo.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye kiu ya siku sita,
Aminieli

Baada ya sahihi: Kasaine, anayetunza farasi hao, amepita hapa nikamsomea barua. Amecheka, akasema, “Farasi hawajaandika barua hata siku moja. Mimi ndiye ninayewafungulia lango.” Tangu adhuhuri maji yanapita, miche imelowa, nami nimekunywa bilauri nane tu, kama binadamu. Yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Ila ukija kutukagua figo, tafadhali tupe habari siku mbili mbele, tuwahi kulifunga lango.