Vidonge vya Boksi la Bluu

Jumanne, 4 Machi

Nisamehe, daftari. Miezi mitano sijakugusa, na mtoto amekutapikia maziwa. Sikuwa na nguvu. Tangu nijifungue nilikuwa shimoni, nikitazama ukuta huku mwanangu analia. Kilichonitoa ni vidonge vya boksi la bluu. Leo kliniki wamenibadilishia! Vyeupe, vinene, jina refu halitamkiki. Mfamasia kasema dawa ni ileile, kiwanda tu ndicho tofauti, nisiwe na wasiwasi, mama. Nikamjibu kwamba hata maji ya mtaroni ni maji. Akamwita wa nyuma yangu.

Mume kaniambia kwa upole kwamba nikizidiwa tena, mtoto atakaa kwa bibi yake hadi nitulie. Upole ule! Bora angenitukana. Simtoi mtoto mimi.

Vya bluu vimebaki vinane, ukitoa cha kesho.

Jumatano, 5 Machi

Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia. Wifi kagonga kuuliza naoga au nafua. Alikuja kunisaidia wiki mbili. Huu mwezi wa saba.

Nimepata mpango! Nitathibitisha kwamba vyeupe ni chaki tupu. Kila asubuhi wifi anichagulie kimoja, cha bluu au cheupe, akifiche ndani ya kipande cha ndizi. Nafumba macho, nameza. Jioni nabashiri kilikuwa kipi. Yeye anaandika siri yake, mimi yangu. Siku nane, kisha ushahidi kwa mfamasia. Wifi kasema laiti ningesoma zaidi ningekuwa mtu wa hatari. Lakini kakubali. Upesi mno!

Alhamisi, 6 Machi

Nimefua, nimepanga kabati, nimemchekesha mtoto hadi kwikwi. Bluu! Naijua kama kikohozi cha mume wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzito. Mtoto kalia, nami nimekaa na soksi yake moja mkononi sijui muda gani. Halafu nikainuka nikambeba. Nilimbeba. Hilo liandikwe. Cheupe, hakuna ubishi. Wifi kasema kila mtu ana Jumamosi yake. Hajawahi hata kubembeleza kitoto cha paka, kazi kunena.

Jumatatu, 10 Machi

Bluu tena. Nimeimba nikiosha vyombo. Wifi kaomba nihurumie majirani. Kijicho! Mume kasema macho yangu yamerudi. Nikajifanya sijasikia ili arudie. Hakurudia.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya hukumu. Mume hakimu, mtoto mapajani mwake. Nikasoma ubashiri wangu kwa sauti: bluu sita, vyeupe viwili. Nikamtaka wifi atoe karatasi yake. Hana karatasi! Kavuta droo, kaweka boksi la bluu mezani. Vinane vyote vimo, hakuna hata kimoja kilichotoka. Siku zote nane kanipa vyeupe! Kasema kliniki iliandika vyeupe, na yeye ni shangazi, hachezi bahati nasibu na mama wa mtoto.

Mume kacheka hadi mtoto akashtuka. Kisha akaniwekea mtoto mapajani, akasema habari ya kumpeleka kwa bibi yake imekwisha. Nikamkumbatia mwanangu kwa nguvu hadi akalalamika. Wifi nimemnunia hadi chakula cha jioni. Mtu mzima kunidanganya kwa ndizi!

Ijumaa, 14 Machi

Nimetafakari wakati mtoto kalala. Mbona liko wazi! Vya bluu vilikaa droo moja na vyeupe siku zote hizo. Vyeupe vimeambukizwa nguvu! Wifi kathibitisha mwenyewe, hajui tu. Vyeupe nitaendelea kumeza kila asubuhi, lakini visikae peke yao.

Nimemwandikia dada yangu, kwao vya bluu bado vinauzwa. Anitumie: maboksi mawili ya bluu, yasiyofunguliwa, moja la droo na moja la mkoba. Soksi za mtoto, jozi tatu, zenye kisigino ili zisimtoke. Sabuni ile isiyowasha. Na kufuli dogo la droo, funguo zote mbili ziandikwe jina langu.